Picha ya Gofu
Dominika ya 23 ya Mwaka C (Luka 14:25-33)



Injili ya leo inatupatia mfano wa mtu aliyeanza kujenga mnara bila kukadiria gharama, akashindwa kuumaliza, akawa kichekesho kwa wapita njia. Sisi wa Nachingwea, kuanzia Kilimarondo hadi mjini, hatuna haja ya kwenda mbali kuuona mnara huo. Mpango wa Karanga, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, ulifika Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Pori lilifyekwa kwa matrekta, nyumba zikajengwa, reli ikatandikwa kutoka pwani. Mamilioni ya pauni yalitumika. Kumbe waliohesabu fedha hawakuupima udongo wala mvua ipasavyo, wala hawakumsikiliza mkulima mwenyeji. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Siku hizi vijana wetu hupiga picha za majengo yaliyoachwa porini. Jambo hilo ni jema, kwani picha huzuia usahaulifu. Lakini tuangalie, ndugu zangu: kamera huona kilichobaki tu, na kinachobaki zaidi ni saruji ya wenye uwezo. Je, mahame yetu nani atayapiga picha? Wazee wetu waliohamishwa katika Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, waliacha nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa kwa nyasi. Mvua za miaka michache zilitosha kuzirudisha ardhini. Mpiga picha akifika hapo ataona mwembe mmoja, labda na jiwe la kusagia, naye atadhani hapakukaa mtu. Kumbe chini ya mwembe ule walizaliwa watoto, walizikwa wazazi, zilisaliwa sala za jioni.

Basi, gharama ambayo mjenzi mwenye haraka husahau kuihesabu ndiyo hiyo hiyo ambayo picha haiwezi kuionyesha: jasho na machozi ya watu. Mungu peke yake ameihesabu yote, hata ya yule asiyeacha ukuta.

Wapendwa, wazee wanaoyajua mahame hayo wanapungua mwaka hata mwaka. Tusingoje. Makatekista, wapelekeni watoto wa mafundisho kwa mzee mmoja wa kigango; wamwulize kwa adabu nani alikaa wapi, nani alipanda mwembe upi, nani amelala kaburi lipi. Majina hayo yaandikwe daftarini, na marehemu wakumbukwe katika Misa. Kijana mwenye picha naye aandike nyuma yake majina ya watu, si jina la jengo tu.

Nasi tunaopanga leo kujenga kanisa, shule au kisima, tuketi kwanza pamoja na wale watakaobeba mzigo, tuwasikilize, ndipo tuchimbe msingi. Amina.