PORI LILE SI TUPU

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, mbele ya walimu na wanafunzi.)



Nimeombwa niseme juu ya mimea ya porini, picha na muziki. Huenda baadhi yenu mnajiuliza, mtumishi wa Serikali ambaye kazi yake ni mafaili na makisio ya fedha, ana nini na picha na nyimbo? Jibu langu liko nyuma ya bweni la tatu, nanyi nyote mnalijua: ni lile pori linaloshuka mpaka mtoni.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa Biolojia alitutoa darasani siku moja ya mwezi Oktoba, mvua zikiwa bado. Alitugawia karatasi, akatuamuru tulichore pori lile na kulitia rangi. Rangi za dukani hatukuwa nazo. Tulitumia mkaa wa jikoni, udongo mwekundu na majani mabichi tuliyoyaponda. Baada ya saa moja alizikusanya picha zetu na kuzipanga chini. Zote zilikuwa za kijani. Akasema, "Haya, sasa inueni macho."

Tukainua. Miyombo ilikuwa imechipua majani mapya, na majani hayo yalikuwa mekundu kama shaba. Mteremko mzima ulikuwa mwekundu! Tulikuwa tumeishi hapo karibu miaka miwili, lakini tulichora pori lililokuwa vichwani mwetu, si lile lililokuwa mbele yetu.

Tangu siku hiyo tulikwenda huko kila Jumamosi. Mninga tuliujua kwa tunda lake la duara, lenye ubawa mwembamba pembeni na miiba katikati, na kwa utomvu wake mwekundu kama damu, ambao nao tuliufanya rangi. Mkongo tuliujua kwa mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Mpingo ulitushinda. Tulikipita mara nyingi kimti kile kilichopinda, chenye miiba, kilichopukutika majani, wala hatukukijali. Ndipo mwenzetu mmoja, mtoto wa mchonga vinyago wa Kimakonde, akaleta kipande kutoka kwa baba yake. Kwa nje kilikuwa na utepe mweupe, ndani kilikuwa cheusi tii. Tulikitia katika ndoo ya maji, kikazama. Tulipokigonga kwa kijiti, kililia kama chuma, wakati vipande vya miti mingine vilitoa kishindo tu.

Mwalimu akatueleza kwamba mti huo ndio unaotengenezewa klarineti na obo zinazopigwa katika okestra za Ulaya. Basi tulipanga vijiti vikavu kwa kufuata sauti zao, kimoja kizito, kimoja chembamba, tukatunga wimbo wetu wenyewe, kila ubeti ukitaja mti mmoja na alama zake. Mengi ya Kidato cha Pili nimeyasahau. Wimbo ule naujua mpaka leo.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba huo ulikuwa mchezo wa watoto. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, na akafariki mwaka 1972. Alichora wanyama na miti kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya ubao, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji. Vinyago vya Wamakonde vimefika katika majumba ya makumbusho duniani. Na mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa ipasavyo, na mpingo ndio ulioifungulia njia. Lakini mpingo hauna haraka. Huchukua miaka sabini na zaidi mpaka ufae kuvunwa. Aukataye mdogo anamkatia mjukuu wake.

Sasa nakuja kwenye neno gumu. Umoja wetu unakusudia kujenga bwalo jipya, na ni jambo jema, kwani vijana hawa wanakula kwa zamu. Rasimu ya mradi inasema bwalo lijengwe nyuma ya bweni la tatu, mahali ambapo ni "pori tupu lisilo na matumizi." Ndugu Mwenyekiti, maneno hayo niliyaandika mimi. Niliyaandika ofisini, mezani pangu, bila kufika hapa. Mimi niliyefundishwa kuinua macho!

Jana asubuhi nilishuka huko peke yangu. Nilihesabu mipingo kumi na mmoja. Mingi yao haizidi unene wa mkono wangu. Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini; lakini mimi naujua mti huo, kwa hiyo sina udhuru.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, bwalo lihamishiwe kwenye shamba la zamani la mihogo, karibu na barabara. Sifichi kwamba gharama itaongezeka, maana bomba la maji litakuwa refu zaidi. Nyongeza hiyo tuichange, na mchango wa kwanza utatoka kwangu.

La pili nawaomba ninyi vijana. Kabla ya muhula huu kwisha, kila darasa lichukue kipande chake cha pori, likichore, liandike majina ya miti kama wazee wa vijiji jirani wanavyoiita, na litunge wimbo wake. Mkikosa rangi, mkaa upo na udongo upo. Nasi tutakaporudi mwakani, mtuimbie.

Kura itapigwa mchana huu. Kabla ya kuinua mkono, nawasihi kila mmoja ashuke kidogo nyuma ya bweni la tatu, ainue macho kwanza.