Manjano ya mchuzini, manjano ya kidonge

Msikilizaji, tuzungumzie manjano. Rangi ile inayong'ang'ania vidoleni hutokana na kurkumini, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 2 hadi 5 tu ya unga wake. Viwandani manjano hukaushwa, yakasagwa, yakalowekwa kwenye spiriti. Spiriti hiyo ikishachujwa na kukauka, hubaki chembechembe za kurkumini, za rangi ya chungwa.

Hili linakuhusu nini? Chembechembe hizo ndizo zinazouzwa ghali kwenye vidonge, zikinadiwa kutibu viungo, tumbo, hata saratani.

Kwa upande mmoja, maabara zimeonyesha kurkumini inapunguza uvimbe, na baadhi ya majaribio kwa wenye maumivu ya magoti yanatia moyo. Lakini kuna la pili: mwili huifyonza kidogo mno. Ndiyo maana watengenezaji wengi huongeza kiini cha pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, na hapo ndipo mimi ninaposita. Italia na Australia zimeshatahadharisha kuhusu madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji wa vidonge. Mchuzi wako, kula bila wasiwasi.

Swali ni hili: kopo lile la vidonge dukani, lenye picha nzuri ya manjano, nani amelipima kabla halijakufikia?