KANSA YA KICHWA NA SHINGO: KARATASI ITAJE MAHALI
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya karatasi za hospitali. Wengine watasema hiyo ni kazi ya karani. Lakini sisi watu wa reli twaijua kazi ya lebo. Behewa likiandikwa "Bara" tu, bila stesheni, litalala yadi mpaka mzigo uoze. Na mgonjwa akiandikwa "uvimbe wa shingo" tu, hulala vivyo hivyo.

Kansa ya kichwa na shingo si ugonjwa mmoja. Kila mahali pana namba yake katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani. Chapa ya 11 ilianza kutumika mwaka 2022, lakini tutataja namba za chapa ya 10, maana ndizo zilizozoeleka. Shina la ulimi ni C01, na sehemu nyingine za ulimi ni C02. Findo ni C09, nyuma ya pua ni C11, na zoloto, pale sauti inapotoka, ni C32.

Namba inayoleta taabu zaidi ni R22.1. Hiyo ni uvimbe wa shingo, basi, wala haisemi kansa. Yafaa siku ya kwanza, kabla kipande cha nyama hakijapimwa. Ubaya ni ikibaki katika faili baada ya majibu kutoka. Tena iko C77.0, maana yake kansa imefika kwenye tezi za shingo ikitoka pengine. Kansa ya nyuma ya pua ina desturi hiyo: mtu haoni kitu puani, huona tezi shingoni kwanza. Ugonjwa huo si mgeni Kenya. Daktari mpasuaji Peter Clifford aliandika habari zake Nairobi katika miaka ya 1960. Basi ikiandikwa C77.0 peke yake, bila C11, karatasi imetaja tawi ikaacha shina.

Ndugu yetu mmoja, seremala wa mabehewa, alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema uvimbe wa shingo, ya pili kansa ya nyuma ya pua. Wenye kulipa gharama wakasema hawalipii mionzi kwa uvimbe, wakazirudisha. Zikaenda, zikarudi, majuma sita. Mwisho namba ilisahihishwa kwa mstari mmoja wa wino, na tezi ilikwisha kuwa kama yai. Mpaka leo yuko kwenye mionzi.

Jambo jingine ni kazi ya mgonjwa. Huandikwa "reli", wakanyamaza. Haitoshi hata kidogo. Shirika la kimataifa la kuchunguza kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilikata shauri mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao huleta kansa ya ndani ya pua, na mwaka 2012 likathibitisha kwamba asbesto huleta kansa ya zoloto. Kwa hiyo iandikwe: seremala, miaka 14, mashine ya randa, au fundi aliyebandua asbesto kwenye mabomba ya injini. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inahusu na magonjwa ya kazi, lakini nani atadai kwa neno "reli"? Tumbaku na pombe nazo zitajwe bila haya. Hizo huleta kansa ya kinywa na koo kuliko vumbi letu, na anayezificha anamdanganya daktari wake mwenyewe.

Hatusemi makarani wa hospitali ni wavivu. Karani hutafuta namba kwa maneno ya daktari. Daktari akiandika "koo", karani hana ruhusa ya kukisia. Basi tuulize kwa adabu kabla ya kutoka chumbani: Bwana daktari, imeanzia wapi hasa? Upande wa kulia au wa kushoto? Imefika wapi? Kipande kimepimwa, na majibu yake tutapata nakala?

Wenye karatasi nyumbani wazilete ofisi ya tawi Jumamosi asubuhi. Leteni nakala, zile za asili zibaki kwenu. Zitasomwa mlango umefungwa, na hakuna jina litakalotajwa mkutanoni.