Namba Binafsi za Magari: Tuuze Jina, Tusiuze Upendeleo

Mada kwa ajili ya semina ya wadau wa usafiri na usalama barabarani

1. Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie namba binafsi za magari, yaani vile vibao ambavyo badala ya T, tarakimu tatu na herufi tatu, vinabeba jina la mwenye gari, jina la ukoo, la kampuni, au neno lolote alilolipenda mlipaji. Suala hili likiguswa, watu hugawanyika papo hapo. Kuna wanaosema ni majivuno ya wenye nazo katika nchi ambayo watu wengi wanagombania daladala. Kuna wanaojibu kwamba hela ni zake, serikali inapata chake, sasa kelele za nini?

Msimamo wangu nautanguliza ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Sioni dhambi katika kuuza majina. Ninachokipinga ni namna tunavyoyauza, pamoja na upendeleo ambao mnunuzi hujichukulia barabarani bila kuulipia na bila kupewa na mtu. Kibao cha namba ni hati ya umma iliyofungwa kwenye mali ya mtu binafsi. Serikali inaweza kumkodisha mtu maandishi yaliyo juu ya hati hiyo, lakini kazi ya hati lazima ibaki ileile.

2. Kazi ya kibao

Kabla ya kujadili majina, tukumbushane kibao kinafanya nini. Trafiki aliyeko kwenye tochi akikunasa na mwendo kasi, anachompigia mwenzake wa mbele ni rangi ya gari, aina yake na namba. Faini ikiandikwa, inaingia kwenye mfumo kwa namba. Ushuru wa maegesho unadaiwa kwa namba. Gari likigonga mtu likakimbia, polisi wa kwanza kufika atawauliza walioshuhudia, "Namba mliishika?"

Vilevile kibao hutwambia gari ni la nani kwa ujumla wake. SU ni shirika la umma, SM ni serikali za mitaa, DFP ni mradi wa wafadhili, PT ni polisi, MC ni pikipiki. Mwananchi ambaye hajawahi kusoma sheria ya usalama barabarani anazijua herufi hizi, na kwa sababu anazijua, gari la SU likionekana baa usiku wa manane, anajua pa kulalamika.

Kuna kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Nenda yadi yoyote ya magari Dar es Salaam, usimame na dalali. Akimaliza kutaja aina ya gari anarukia namba: "Hii namba D, bosi, tena D ya mwishoni. Alikuwa anaendesha mama, safari zake kazini na kanisani tu." Kwa kuwa herufi zinatolewa kwa mfuatano, namba imekuwa cheti cha umri wa gari kuwepo nchini. Namba E inapandisha bei, namba B inaishusha. Kwa hiyo hata namba ya kawaida kwetu ina cheo, na tuache kujidanganya kwamba majivuno yaliletwa na namba binafsi.

3. Bei tuliyoiweka

Bajeti ya mwaka 2016/17 ilipandisha ada ya namba binafsi kutoka shilingi 5,000,000 hadi 10,000,000 kwa kila miaka mitatu. Katika bajeti hiyohiyo, ada ya usajili wa gari ilitoka 150,000 hadi 250,000, na ya pikipiki ikatoka 45,000 hadi 95,000. Ziwekeni ada hizi pamoja. Mwenye kutaka jina lake aliongezewa mara mbili. Kijana wa bodaboda, ambaye hakuomba anasa yoyote, aliongezewa zaidi ya mara mbili. Kiwango cha mwenye jina kinatisha kwa wingi wa sifuri zake, lakini ukigawanya milioni kumi kwa siku za miaka mitatu unapata shilingi elfu tisa na ushee kwa siku. Kwa mtu anayeendesha gari la mamia ya mamilioni, hiyo ni bei ya kuoshea gari.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba ada ni moja kwa kila neno. Jina la ukoo ambalo hakuna mwingine duniani anayelitaka linalipiwa sawasawa na neno ambalo nusu ya mji ingelipigania. Chukulieni mfano wa neno SIMBA au neno YANGA, majina ya klabu zetu za soka. Kwa ada moja, wa kwanza kufika dirishani ndiye mwenyewe, na serikali inapata ada ileile. Yakipelekwa mnadani wiki ya mechi ya watani wa jadi, sidhani kama kuna mtu humu ndani atakayethubutu kunitajia pale bei itakapoishia.

4. Wenzetu wanafanyaje

Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaokwenda Dubai kufuata mzigo wanaujua mnada wa namba wa huko. Aprili 2023 namba P 7 iliuzwa Dubai kwa dirhamu milioni 55, na fedha zikaenda kwenye kampeni ya kulisha wenye njaa. Kabla ya hapo, mwaka 2008, namba 1 ya Abu Dhabi iliuzwa kwa dirhamu milioni 52.2, nazo zikaelekezwa kwenye huduma za hisani. Tajiri alipata sifa yake, lakini aliinunua hadharani, na kila mtu alijua alilipa ngapi na fedha zilikwenda wapi.

Hong Kong imekuwa ikipiga mnada namba za magari tangu 1973, na mapato ya namba hizo za kawaida yanaingia kwenye mfuko wa hisani. Mwaka 2006 wakaanzisha mpango wa mtu kujitungia maneno. Mwombaji anatanguliza dola 5,000 za huko, maneno yake yanachunguzwa, yakipita yanapelekwa mnadani, na mtu yeyote anaweza kumpandia dau. Wengi huondoka kwa bei ileile ya kuanzia kwa sababu hakuna mwingine anayelitaka jina lao. Ila Machi 2021 herufi W peke yake ilifika dola milioni 26 za Hong Kong. Kwa utaratibu huo, mwenye jina la kawaida hakamuliwi na mwenye tamaa kubwa halipi kiduchu.

Uingereza, ambako serikali imekuwa ikiuza namba za namna hii tangu 1989, kuna sharti moja ambalo nalipenda kuliko yote. Huruhusiwi kuweka namba inayolifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Kwetu namba binafsi inafanya kinyume chake. Gari la namba A likivishwa jina la mwenyewe, umri unafutika machoni pa watu. Dalali hana haja ya kusema uongo, kibao kinamsaidia kunyamaza.

Marekani nako kuna la kujifunza. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba jimbo la Texas lilikuwa na haki ya kukataa muundo wa kibao wenye bendera ya Confederate (majimbo ya Kusini yaliyojitenga), kwa hoja kwamba kinachoandikwa pale ni kauli ya serikali. Uamuzi huo haukuhusu majina ya watu, lakini msingi wake unatufaa. Neno likitoka chini ya muhuri wa serikali, serikali haiwezi kusema haikulisema.

5. Hoja zinazotolewa, na uzito wake

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba jina linaficha gari. Mimi naona kinyume. Kwenye ajali, shahidi ambaye ni mama lishe wa kando ya barabara atakumbuka jina kabla hajakumbuka tarakimu tatu na herufi tatu. Mwenye jina kibaoni amejiweka wazi kuliko sisi wengine.

Hatari iko kwenye mifumo. Mwaka 1979, mtu mmoja wa Los Angeles alijaza fomu ya kuomba namba binafsi, akaandika chaguo lake la kwanza na la pili, na kwenye nafasi ya tatu akaandika NO PLATE, akimaanisha kwamba yakikosekana hayo mawili hataki kibao chochote. Akapewa kibao kilichoandikwa hivyo hivyo. Kwa kuwa askari walizoea kuandika maneno hayo kwa gari lisilo na kibao, zikamfuata hati za faini zipatazo 2,500. Miaka ya karibuni, huko huko California, mwingine alichukua neno NULL, ambalo kompyuta hulitumia kwa nafasi iliyo tupu, naye akabebeshwa faini za zaidi ya dola 12,000 zisizomhusu. Sisi ambao sasa tunatoza faini na maegesho kwa mfumo tujiulize: nani anayachunguza maneno kabla hayajaingia humo? Na O ya herufi inatenganishwaje na sifuri?

Hoja ya pili ni ya usawa: kwamba jina kibaoni linamtisha trafiki. Hii nakubaliana nayo nusu. Askari anayesimamisha magari kumi kwenye foleni akaliachia lenye jina, amefanya hesabu yake ya haraka: huyu ni mtu mzito, asije akanipigia simu kwa mkubwa wangu. Hesabu hiyo haikuandikwa kwenye ada ya Mamlaka ya Mapato (TRA), lakini mnunuzi anaijua, na wengine ndiyo wanayoinunua. Hata hivyo tatizo hilo haliondoki kwa kufuta majina, kwa sababu gari kubwa jeusi lenye vioo vya kiza nalo huachiwa vilevile. Dawa yake ni faini inayotokana na picha na mfumo, ambayo haijali sura ya aliyeko nyuma ya usukani.

Hoja ya wanaounga mkono ni mapato, na ni ya kweli. Ada hii ni miongoni mwa kodi chache ambazo mlipaji anaomba mwenyewe atozwe. Tukikataa tunamnyima mwenye hiari, halafu tunarudi kumfuata wa bodaboda.

6. Mapendekezo

(a) Ada moja kwa wote ibadilishwe, kuwe na bei ya kuanzia ya chini na mnada wa wazi kwa kila neno lililoombwa na zaidi ya mtu mmoja.

(b) Mapato ya mnada yatengwe kwa kazi inayoonekana. Napendekeza huduma za majeruhi wa ajali za barabarani, na taarifa itolewe kila mwaka.

(c) Namba ya kawaida isifutwe. Iandikwe kwa ukubwa unaosomeka kwenye kioo cha mbele, ili mnunuzi wa gari kuukuu ajue anachonunua.

(d) Orodha ya maneno yaliyokatazwa itangazwe: majina ya vyombo vya dola kama IKULU, POLISI na BUNGE, chochote kinachofanana na STK ya magari ya serikali, SU au PT, matusi kwa Kiswahili na kwa lugha zetu za makabila, majina ya biashara za watu wengine, na maneno yanayovuruga mifumo.

(e) Mwenye namba binafsi anayerudia makosa ya barabarani apokonywe namba bila kurudishiwa fedha.

7. Maswali ya vikundi

Nawaachia maswali matatu mkayajadili kwenye vikundi. Je, jina lililonunuliwa liweze kuuzwa au kurithishwa, au likiisha muda lirudi serikalini? Zanzibar ina usajili wake wa magari. Je, neno moja liruhusiwe kuwepo pande zote mbili za Muungano? Na la mwisho, ambalo nataka hasa maofisa wa trafiki waliomo humu walijibu bila kuoneana haya: utaratibu gani utamfanya askari wa cheo cha chini kabisa amwandikie faini mwenye jina kibaoni, kisha arudi nyumbani bila wasiwasi wa kuhamishwa kituo?