Kukaza Shokapu Hakutoshi: Pikipiki za Mizigo kwenye Miinuko ya Elgon
Mada kwa mafundi wa Jinja na Mbale



Pikipiki inayohudumu Jinja bila malalamiko, kwenye tambarare ya kuelekea Kakira, ikihamia Mbale hupitia gereji kwanza kabla ya kupanda Wanale, Bududa au Sipi. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Sipi karibu 1,800. Kahawa inashuka huko, saruji na mbolea vinapanda, na mwendeshaji anatuambia neno moja tu: "Nikazie nyuma." Nasi tunafunga shokapu za pikipiki kubwa au tunachomelea jozi ya pili. Fedha inapatikana, ndiyo maana hatuulizi maswali.

Tuulize leo. Chukua gunia ambalo kitovu cha uzito wake kiko mita 1 juu ya ardhi. Kwenye mwinuko wa nyuzi 15, uzito huo unaangukia sentimita 27 nyuma zaidi kuliko kwenye tambarare. Keria zetu zimekaa juu ya ekseli ya nyuma au zimeipita kidogo; basi mzigo unavuta mkia chini na tairi la mbele linaelea. Shokapu laini huongeza tatizo, sikatai: mkia ukizama sentimita 5, pikipiki inalala nyuma nyuzi 2 hivi za ziada. Ukikaza, umeokoa hizo 2. Zile 15 ni za mlima.

Na gharama ya kukaza inaonekana wakati wa kushuka. Springi ngumu bila mzigo hulirusha tairi juu ya mawe, na breki haishiki tairi lililo hewani. Fremu nayo hupasuka pale tulipochomelea, kwa sababu haikutengenezwa kubeba nguvu mahali hapo.

Waendeshaji wa pikipiki za theluji huko Marekani na Kanada wana shida hiyohiyo ya pua kunyanyuka mlimani. Wao hurefusha mkanda wa nyuma unaosukuma theluji, na hufupisha ukanda unaozuia sehemu ya mbele ya saspensheni ya nyuma isishuke sana, ili ski zibaki chini. Wanaanza na umbo la chombo.

Sisi tuanze na keria. Ishushwe, isogezwe mbele, gunia moja lifanywe mawili ya ubavuni. Ongeza pingili mbili za cheni, ekseli irudi nyuma kiasi cha sentimita 1. Spoketi ya mbele ya meno 14 ikibadilishwa kuwa 13, mvuto unaongezeka karibu asilimia 8, na kasi inapungua 7. Jinja watalalamika, Bududa hawatalalamika. Springi igeuzieni ringi yake ngazi moja au mbili, basi. Mkono wa nyuma usikatwe kuurefusha: ukivunjika kwenye kona, hakuna wa kumlaumu isipokuwa aliyeuchomelea.

Mchana tutasimamisha pikipiki yenye mzigo kwenye mwinuko, watu wawili waishike, wa tatu anyanyue usukani. Ukinyanyuka kwa mkono mmoja, spana ya shokapu irudi sandukuni na keria ifunguliwe.