TULIPOPEWA AMANA NA WENZETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Mmetutaka tueleze tuliyoyaona katika siku zetu za uongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu, sisi vijana wa visiwani tuliovuka bahari kwenda kutafuta elimu. Twashukuru kwa heshima hiyo. Lakini hatukuja kujisifu. Tumekuja kukiri kosa, tukitaraji kuwa litawafaa wanaotufuata.

Kabla ya kusema yetu, tuyakumbuke ya waliotutangulia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga sharti la kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lingewakata sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, mara hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Nao pia wakafukuzwa kwa mamia, na chama chao, DUSO, kikavunjwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA.

Adhabu zilifanana, bali madai hayakufanana. Wale wa 1966 walijisemea wenyewe, na mkulima hakuwa na lake katika kilio chao. Wale wa 1978 walimsemea mlipa kodi, ndiyo maana hata leo wanatajwa kwa wema.

Tarikhi hii sisi tulikuwa tukiijua kwa ghibu, na kila uchaguzi tukiihutubia. Walakini tulipokwisha kupata viti, jambo la kwanza tulilolipitisha katika bunge letu lilikuwa ni posho ya vikao kwa ajili yetu wenyewe. Fedha hizo zilitoka katika michango ya wanafunzi, ambao miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakila mlo mmoja kwa siku. Mshika fedha wetu alikataa kutia sahihi. Hakupiga kelele, alisema tu kwamba mkono wake hauwezi. Tulimwita mwoga, tukamwita msaliti, tukatafuta sahihi nyingine.

Hazikupita wiki nyingi, wakuu wa chuo wakatoa amri kuwa wasiomaliza ada watoke mabwenini. Tukaita mkutano mkuu. Tulitengeneza jukwaa, tukaazima kipaza sauti, tukangoja. Hawakufika watu arubaini. Mmoja wao alisimama akatuuliza: "Posho ya leo mmekwisha kuchukua?" Hatukuwa na jawabu, na usiku ule wenzetu kadhaa walilala nje na masanduku yao.

Asubuhi tulimwendea yule tuliyemwita msaliti. Hakututukana wala hakutucheka. Alitutaka mambo mawili: turejeshe kila senti, na daftari la hesabu lisomwe hadharani, ukurasa kwa ukurasa. Tulifanya hivyo, na ilikuwa fedheha kubwa. Lakini alipopita vyumbani jioni kuwaita watu, ukumbi ulijaa hata madirishani. Wajumbe waliotumwa kwa wakuu wa chuo siku ya pili walikwenda na umma nyuma yao, wakarudi na muhula wa kulipa kidogo kidogo. Wengi walirejea vitandani mwao. Wawili walikuwa wamekwisha kwenda kwao, na hawakurudi tena kusoma. Hao wawili ndio deni letu, na hakuna daftari litakalolifuta.

Ndugu zetu, yaliyotupata chuoni yaweza kumpata kila mwenye kupewa dhamana na watu, hata katika tawi dogo lenye wanachama ishirini. Kiongozi hapotezi watu siku anaposhindwa na mwenye nguvu. Huwapoteza kabla yake, siku anapojigawia cha wenziwe na kumtukana anayemzuia. Basi mwenye kushika daftari na alifungue kabla hajaulizwa. Na yule mmoja anayekataa kutia sahihi, msimwite msaliti mpaka mmsikilize, kwani huenda yeye ndiye aliyebaki na amana peke yake.