Kumchagua Mhasibu Mwaminifu

Hotuba iliyosomwa Mohoro mbele ya wanachama, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika sikukuu kama hii ni desturi kutaja magunia yaliyouzwa na maghala yaliyojengwa, na waliotutangulia kusema wamekwisha kuyataja. Sisi tumepewa neno lisilo na ngoma ndani yake: namna ya kumchagua mhasibu wa kutushughulikia hesabu na kodi, ziwe za duka la mtu mmoja au za chama kizima. Twaomba mtuvumilie. Magunia huonekana kwa macho, lakini hesabu isiyo sawa haionekani mpaka siku mali imekwisha kuondoka.

Mji huu wa Mohoro una haki ya kulizungumza jambo hili kuliko miji mingi. Kuanzia mwaka 1902 Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa sehemu hizi kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Fedha ya pamba iligawanywa mafungu: la jumbe, la wasimamizi, na la waliolima. Hesabu ilifanywa na wengine, na fungu la wakulima lilipofika mikononi mwao lilikuwa dogo hata wako waliokataa kulipokea. Juu ya hayo palikuwa na kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa hapa Mohoro. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi, wala hatusemi vililetwa na daftari peke yake. Twasema tu kwamba wazee wetu walionja uchungu wa kufanya kazi ambayo hesabu yake huijui na kodi yake hukuelezwa.

Hata baada ya Uhuru uchungu huo haukutuacha mara moja. Kamati maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta uhaba wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa uaminifu katika baadhi ya vyama, na wanachama wasiojua jinsi chama chao kinavyoendeshwa. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, navyo vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Basi tunaposherehekea miaka kumi yatupasa kukumbuka kwamba ushirika hufa kwa daftari kabla haujafa kwa ukame.

Neno letu kubwa leo ni hili: mhasibu mwaminifu ni yule anayekufanya uijue hesabu yako mwenyewe. Anayekuacha gizani, hata akiwa mpole na mcheshi, hakufai.

Sababu yake ni ya kisheria. Kodi ni deni la mlipakodi, si la mhasibu. Ukimpa mtu fedha akulipie, naye asilipe, Mamlaka ya Mapato haitamfuata yeye. Itakuja mlangoni kwako, kwa kuwa jina lililo kwenye nambari ya mlipakodi ni lako. Akiandika uongo katika ritani yako, uongo huo umesemwa kwa kinywa chako. Waweza kumwajiri mtu aibebe kazi, lakini huwezi kumwajiri aubebe wajibu.

Kwanza, basi, tujue tunamtafuta nani. Karani wa daftari huandika kila siku yaliyoingia na yaliyotoka. Mhasibu huyapanga hayo na kutengeneza hesabu za mwaka. Mshauri wa kodi humwakilisha mlipakodi mbele ya Mamlaka. Mkaguzi huja baada yao wote kutazama kama waliyoyaandika ni kweli. Mtu mmoja aweza kujua kazi zote hizi, lakini si halali aliyeandika daftari ndiye alikague. Kwa vyama vya ushirika liko Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwenye duka dogo aweza kutosheka na karani mwema pamoja na maelezo ya ofisi ya Mamlaka, ambayo hutolewa bure. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, au mwenye kusafirisha kamba na samaki hadi Dar es Salaam, huenda akahitaji mhasibu kamili.

Pili, tumwulize hati zake, wala tusione haya. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, nayo huweka daftari la wahasibu waliosajiliwa. Washauri wa kodi husajiliwa na Mamlaka ya Mapato. Mtu akisema yeye ni mmoja wao, na ataje nambari yake, nasi tukaulize huko huko. Fundi wa kweli hachukii kuulizwa alijifunzia wapi. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Hapa pana jambo gumu kwetu watu wa vijiji. Mara nyingi twamchagua mtu kwa kuwa ni mtoto wa fulani, au ni shemeji, au twasali naye msikiti mmoja. Undugu ni kitu chema, na Mungu autunze. Lakini undugu hutufunga midomo: tunaona aibu kumwambia ndugu, "Hebu nionyeshe risiti." Akiwa ndugu yako ana ujuzi na hati, mpe kazi. Ila mwulize risiti kama unavyomwuliza mgeni, tena mbele ya watu, ili heshima yake ikae salama na mali yako vilevile.

Tatu, tutazame njia anayopitishia fedha. Kodi ya Serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa kwa deni hilo, nayo fedha huingia benki au kwa simu moja kwa moja. Haiwekwi katika mfuko wa mtu. Mhasibu apewe ujira wake, na kodi ilipwe na mwenyewe. Anayekuambia, "Nipe zote pamoja, nitajua la kufanya," huyo ni kishoka, hata akivaa tai. Kadhalika anayejigamba kuwa ana mtu wake ndani ya ofisi wa kuimaliza kodi yako. Leo atakuuzia upendeleo, na kesho atakuuza wewe.

Nne, tutazame jina na simu zilizoandikwa katika usajili. Wako mawakala wanaomsajilia mfanyabiashara nambari ya mlipakodi kwa simu yao wenyewe, na neno la siri wakabaki nalo wao. Barua na onyo zote huwafikia wao, na mwenye mali hulala usingizi mpaka deni limekwisha kuota mizizi. Nambari hiyo hutolewa bure. Simu iwe yako, na neno la siri liwe lako.

Tano, mapatano yaandikwe: kazi gani, kwa ujira gani, na kwa siku gani. Ujira usiwe sehemu ya kodi "iliyookolewa," kwa maana anayelipwa kwa kupunguza atashawishika kuficha. Ritani isitiwe saini kabla hujasomewa kila mstari kwa Kiswahili unachokielewa, na nakala ibaki kwako. Saini kwenye karatasi tupu ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa ghala usiku.

Wengine watasema, "Mambo haya ni ya matajiri." Sivyo. Tuchukue mwenye duka mmoja ambaye mauzo yake ya mwaka ni Sh. 5,000,000/-. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya Sh. 4,000,000/- na Sh. 7,000,000/- asiye na kumbukumbu alitozwa Sh. 100,000/-. Aliyekuwa na kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi Sh. 4,000,000/-. Kwa duka letu hilo ni asilimia 3 ya Sh. 1,000,000/-, yaani Sh. 30,000/-. Duka ni lile lile na mauzo ni yale yale. Tofauti ya Sh. 70,000/- imeletwa na daftari. Viwango hubadilishwa na Bunge, kwa hiyo yafaa kuuliza ofisini kila mwaka. Lakini funzo lake halibadiliki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasi wenye mali tuna sehemu yetu. Mhasibu bora hawezi kutengeneza hesabu kwa mtu aliyetupa risiti. Sheria yataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano. Katika bonde letu muda huo si mdogo: mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia majumbani mwa watu wa Rufiji na Kibiti, na maji hayachagui kati ya godoro na daftari. Karatasi na zifungwe ndani ya mfuko usioingiza maji na kuwekwa juu darini, picha zake zihifadhiwe katika simu, na nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine iliyo mahali pa juu.

Na kwa vyama vyetu vya msingi twaongeza moja. Katika mkutano mkuu, hesabu isomwapo, mwanachama asione kwamba kuuliza ni kumtukana Katibu. Swali ni haki ya mwenye korosho na ufuta, tena ni msaada kwa Katibu mwenyewe, kwa kuwa hesabu iliyoulizwa na kujibiwa mchana haisengenywi usiku.

Twawaomba, basi, mtakaporejea makwenu mfanye mambo matatu kabla ya mwezi huu kwisha: mtazame simu iliyoandikwa katika usajili wenu, mdai nakala ya ritani ya mwisho, na mwulize hati za anayewashikia hesabu. Wazee wetu walihesabiwa na wengine. Sisi tuna daftari mikononi, na tulisome wenyewe.

Ushirika na udumu.